Ritifaa Iliyohama: Uhakiki wa Majina ya Familia kwenye Lebo za Bidhaa katika Kata ya Sapiwi, Mkoani Simiyu

Ikisiri

Makala hii inahakiki matumizi ya ritifaa katika majina ya familia yanayowekwa kwenye lebo za bidhaa za wazalishaji wadogo, kwa kurejelea mazingira ya Kata ya Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo la lebo hizo si kuingia kwa alama ya umilikaji ya Kiingereza peke yake. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba lebo hiyohiyo inayoongeza ritifaa ngeni mwishoni mwa jina huifuta ritifaa halali iliyokuwa mwanzoni mwake. Ritifaa imehama, na katika kuhama huko imeacha kuwa sehemu ya herufi ikawa pambo la biashara. Makala inaonesha kuwa Kiswahili na Kisukuma vina njia zao kamili za kueleza umilikaji wa familia, na inapendekeza namna ya kuzitumia kwenye lebo bila kuharibu majina ya watu.

1.0 Utangulizi

Tangu Landry na Bourhis (1997) walipoweka msingi wa uchunguzi wa mandhari-lugha, maandishi ya hadharani yamekuwa data halali ya isimujamii. Hata hivyo, uchunguzi mwingi umeelekea kwenye mabango ya barabarani na majina ya maduka mijini. Lebo ya bidhaa imeachwa nyuma, labda kwa kuwa ni ndogo na hutupwa chombo kikiisha. Kuiacha hivyo ni kosa la kimbinu. Katika kaya nyingi za vijijini, lebo ya unga, ya mafuta ya kupikia au ya sabuni ni miongoni mwa maandishi machache yanayokaa ndani ya nyumba siku zote. Mtoto anayejifunza kusoma huikuta mezani kabla hajakikuta kitabu.

Sapiwi ni mahali pafaapo kwa uhakiki huu kwa sababu mbili. Kwanza, iko katika mkoa unaofahamika kwa pamba na mifugo, ambao tangu uanzishwe mwaka 2012 umekuwa ukihimiza usindikaji wa mazao. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu ni mifano inayojulikana nje ya mkoa. Chapa hizo zimebeba majina ya mahali; mzalishaji mdogo wa asali, karanga au alizeti, kwa upande wake, mara nyingi hubeba jina la ukoo wake. Pili, wakazi wengi wa Sapiwi ni Wasukuma, na Kisukuma ni lugha ambayo sauti inayoandikwa kwa ritifaa imetapakaa katika majina ya watu na ya mahali. Ritifaa mbili zenye kazi tofauti zinakutana hapa katika jina moja.

Kwa kulinda faragha ya wazalishaji, lebo zinazochambuliwa katika sehemu ya nne zimeundwa na mwandishi kwa kufuata maumbo yanayoonekana katika lebo za aina hii. Uhakiki huu unachambua maumbo, na hauhesabu marudio yake.

2.0 Kazi za Ritifaa katika Maandishi ya Kiswahili

Katika tahajia sanifu, ritifaa ina kazi moja ya lazima, nayo ni kutofautisha ng' na ng. Herufi ng' huwakilisha nazali ya kaakaa laini peke yake, ilhali ng huwakilisha nazali hiyo ikifuatwa na kipasuo. Tofauti hii ni ya kifonimu. Kitenzi ng'oa na nomino ngoa, yenye maana ya wivu au tamaa, hutenganishwa na alama hii tu. Vivyo hivyo, sabuni ambayo mtengenezaji wake angependa iitwe Ng'ara, kwa maana ya kumeremeta, ikiandikwa bila ritifaa itasomwa kama jina la wilaya iliyoko mkoani Kagera.

Ni muhimu kusisitiza kwamba katika kazi hii ritifaa haimo katika kundi la nukta na mkato. Ni sehemu ya herufi. Alfabeti ya Kiafrika iliyopendekezwa mjini London mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka sauti hii iwe na herufi yake, ŋ, na Kiganda kinaitumia hadi leo katika tahajia yake rasmi. Kiswahili kilibaki na ng'. Kwa hiyo anayeifuta ritifaa katika neno ng'ombe amefuta kipande cha herufi, sawa na anayeandika c mahali pa ch.

Kazi nyingine za ritifaa ni za hiari na zina mipaka yake. Watunzi wa mashairi huitumia kuonesha sauti iliyodondoshwa ili kutimiza mizani, kama katika n'takwenda. Wanaisimu na wahariri wa tungo za lahaja za kaskazini wameitumia kuonesha mpumuo, kwa mfano kutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama. Waandishi wa maandiko ya dini huitumia kuwakilisha hamza au ain ya Kiarabu, kama katika Qur'ani. Katika kazi zote hizi, ritifaa inasimama kwa niaba ya jambo la kifonolojia: sauti iliyopo, sauti iliyodondoka, au sifa ya sauti.

Hakuna mahali popote katika tahajia ya Kiswahili ambapo ritifaa inasimama kwa niaba ya mofimu ya umilikaji. Hilo ndilo jambo jipya linaloletwa na lebo.

3.0 Umilikaji kabla ya Lebo: -a Unganifu, Kwa na Ng'wa-

Kiswahili hueleza umilikaji kwa a-unganifu, ambao hupatana na ngeli ya kitu kinachomilikiwa: asali ya Mabula, unga wa Mabula, vitumbua vya Mabula. Muundo huu una sifa mbili zinazohusu uhakiki wetu. Ya kwanza ni kwamba kitu hutangulia mwenye kitu. Ya pili ni kwamba kiunganishi hubeba taarifa ya kitu hata kitu chenyewe kisipotajwa: vya Mabula hutuambia kwamba tunazungumzia vitu vya ngeli ya KI-VI. Kiambishi cha Kiingereza hakina taarifa hiyo. Mabula's huweza kuwa asali, duka au mgahawa, na hilo ndilo linalowavutia wafanyabiashara, kwani jina moja hubandikwa juu ya bidhaa zote.

Lakini Kiswahili nacho kina njia ya kutaja mwenyeji bila kutaja bidhaa, nayo ni kwa ya mahali. Kituo cha Kwa Aziz Ali jijini Dar es Salaam na eneo la Kwa Mrombo jijini Arusha yalipata majina yake kwa njia hiyo, bila kamati wala msanifu wa nembo. Umbo kwa fulani hueleza mahali, umilikaji na ukaribisho kwa pamoja.

Kisukuma kina njia inayofanana na hiyo. Ramani ya Simiyu na mikoa jirani imejaa majina yanayoanza na Mwa-: Mwadobana na Mwaubingi katika Wilaya ya Bariadi, Mwamapalala katika Itilima, Mwanhuzi katika Meatu. Mwa- ya maandishi ya serikali ni ng'wa- katika vinywa vya Wasukuma, kama ambavyo Mwanza ni Ng'wanza na mwana ni ng'wana. Katika majina mengi ya aina hii, ng'wa- hubeba maana ya kwa fulani, yaani mji au makazi ya mtu aliyetajwa. Vilevile ng'wana hutumika kumtaja mtu kwa mzazi wake. Jina la Ng'wanamalundi, mtu mashuhuri katika historia ya Usukuma, lina umilikaji huo ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya lebo yoyote kuchapishwa Bariadi, eneo hili lilikuwa na alama yake ya umilikaji wa kifamilia. Alama hiyo hukaa mwanzoni mwa jina na huandikwa kwa ritifaa. Hiyo ndiyo ritifaa iliyofutwa, kwanza na makarani walioandika Mwa-, kisha na wachapaji.

Mfumo wa sauti za Kisukuma unaifanya hasara hii kuwa kubwa zaidi. Batibo (1985), katika uchambuzi wake wa fonolojia na mofolojia ya lugha hii, alieleza nazali zisizo ghuna ambazo Kiswahili sanifu hakina. Nazali hizo huandikwa kwa mh, nh na ng'h. Mtu asiyeifahamu tahajia hiyo hudhani kwamba ritifaa katika majina ya kata kama Ng'hoboko wilayani Meatu au Ng'haya wilayani Magu ni kosa la mpiga chapa, akaiondoa. Umbo ngh linalobaki halisomeki kwa kanuni ya lugha yoyote kati ya hizo mbili.

4.0 Maumbo Manne ya Lebo

Lebo za majina ya familia zinaweza kugawanywa katika maumbo manne.

Umbo la kwanza ni la Kiingereza kamili: Mabula's Honey. Hapa hakuna mgongano wa sarufi. Lebo imechagua lugha moja na kufuata kanuni zake, na anayeilaumu hulaumu uchaguzi wa lugha, si tahajia.

Umbo la pili ni mseto: Asali ya Mabula's. Umilikaji umeelezwa mara mbili, kwanza kwa ya, kisha kwa kiambishi cha Kiingereza. Kwa mtazamo wa sarufi ni ziada isiyo na kazi. Kwa mtazamo wa isimujamii, hata hivyo, ziada hii ni ushahidi mzuri. Inaonesha kwamba mwandishi wa lebo haioni 's kama mofimu ya umilikaji, kwa kuwa kazi hiyo tayari imefanywa na ya. Anaiona kama sehemu ya sura ya chapa, kitu ambacho jina huvikwa likiingia sokoni. Ameiona kwenye Johnson's, Wrigley's na Kellogg's, akahitimisha kwamba jina la familia likiwa chapa huishia hivyo.

Umbo la tatu ni Mabulas, ambapo ritifaa imeanguka na konsonanti imebaki. Hapa tunaona athari ya kifonolojia. Majina ya Kisukuma huishia na irabu, na silabi ya Kiswahili ya kawaida ni wazi. Kuongeza s kunafunga silabi ya mwisho na kuzalisha umbo ambalo si wingi, si umilikaji wala si jina la mtu yeyote katika ukoo huo.

Umbo la nne ndilo zito kuliko yote: Ngwandu's. Ng'wandu ni jina linalofahamika Usukumani. Tahajia yake sahihi kwenye lebo ya Kiingereza ingekuwa Ng'wandu's, yenye ritifaa mbili, ya kwanza ya sauti na ya pili ya umilikaji. Kiingereza chenyewe hakina kizuizi hapa. Jina la mwigizaji Lupita Nyong'o limechapishwa duniani kote na ritifaa yake, na likihitaji umilikaji huandikwa Nyong'o's bila taabu. Lakini msanifu wa lebo huona ritifaa mbili katika neno fupi kuwa nyingi mno. Akilazimika kuchagua, hubakiza ile ya Kiingereza.

Kabla ya kufutwa, ritifaa hiyo mara nyingi huwa imeshayumba. Jina la Ng'wanamalundi hupatikana katika maandishi kwa tahajia nne: Ng'wana-, Ngw'ana-, Ngwana- na Mwana-. Umbo la pili linastahili maelezo. Anayeandika Ngw'- anajua kwamba jina lina ritifaa, ila anaichukulia ngw kuwa kitita kimoja na kuiweka alama baada ya kitita chote. Anaikumbuka alama bila kukumbuka kazi yake. Mtu akifika hapo, ni hatua fupi kuihamishia mwishoni, mahali ambapo lebo za kigeni zimemzoesha kuiona.

5.0 Sababu na Hoja za Upinzani

Sababu ya kwanza ni ya kitaaluma. Ritifaa hufundishwa shuleni mara mbili na walimu wawili wasiokutana. Mwalimu wa Kiswahili huitaja upesi anapofundisha ng'ombe, kisha haigusi tena; mwalimu wa Kiingereza huirudia miaka kadhaa katika mada ya umilikaji. Mwanafunzi anayekuja kuwa msanifu wa lebo hubaki na kazi moja tu ya alama hiyo kichwani.

Sababu ya pili ni ya kiteknolojia. Anwani za tovuti hazipokei ritifaa. Lugha za kompyuta zinazotumika kuendesha hifadhidata huitumia alama hii kufunga maandishi, na waundaji wa baadhi ya mifumo huizuia ili kuepuka hitilafu. Zaidi ya hayo, kibodi hutoa alama kadhaa zinazofanana kwa macho: ritifaa nyoofu, ritifaa iliyopinda, hata alama za mkazo zinazoegemea kulia au kushoto. Kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti, na Ng'wandu aliyeandikwa kwa moja hatapatikana kwa kutafutwa kwa nyingine. Mzalishaji huona njia rahisi ni kuiacha.

Zipo hoja za upinzani zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema chapa ni picha na mwenye chapa ana uhuru wa kuichora apendavyo. Hoja hii ina nguvu kwa maneno ya kubuniwa. Ina nguvu kidogo kwa jina la ukoo, kwa sababu jina hilo lilikuwapo kabla ya chapa na litabaki kwa wajukuu chapa ikifa. Uhuru wa kuchora haujumuishi kuwaandika upya watu ambao hawakuulizwa.

Hoja ya pili inasema lugha hubadilika, na Ujerumani hutolewa mfano. Ni kweli kwamba Baraza la Tahajia ya Kijerumani, katika kanuni zake za mwaka 2024, lilikubali ritifaa kabla ya s ya umilikaji katika majina ya watu kwenye majina ya biashara, baada ya miaka mingi ya malumbano. Lakini Kijerumani kina s ya umilikaji katika sarufi yake. Kilichokubaliwa ni alama tu. Kiswahili hakina s hiyo. Kukubali 's kwetu ni kukubali alama pamoja na mofimu. Wapo pia walioelekea upande mwingine. Mkataba wa Lugha ya Kifaransa wa mwaka 1977 huko Quebec ulifuatiwa na maduka ya Eaton's kuandikwa Eaton. Maduka ya vitabu ya Waterstones ya Uingereza yaliiacha ritifaa yake mwaka 2012, na mahitaji ya intaneti yalikuwa sehemu ya sababu.

Hoja ya tatu ni ya soko: 's huipa bidhaa hadhi. Soko la Tanzania lenyewe linaipinga. Kampuni za Bakhresa zimeijenga Azam kuwa miongoni mwa chapa zinazofahamika zaidi Afrika Mashariki bila kiambishi chochote. Vinywaji vya kampuni ya MeTL vya chapa ya Mo vimebeba kifupisho cha jina la Mohammed Dewji, nacho kimesimama peke yake. Jina tupu limetosha.

6.0 Gharama ya Kuhama kwa Ritifaa

Gharama ya kwanza humwangukia mwenye jina. Mzalishaji anayetaka kukua hupitia ofisi kadhaa: Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni kwa jina na alama ya biashara, Shirika la Viwango Tanzania kwa ubora, Mamlaka ya Mapato kwa kodi, benki kwa mkopo. Kila ofisi hudai maandishi. Mtu ambaye kitambulisho chake kinasema Ng'wandu, cheti cha biashara kinasema Ngwandu na lebo inasema Ngwandu's amejitengenezea watu watatu kwenye karatasi. Mwenye nacho ataajiri wakili athibitishe kuwa wote ni mmoja. Mkulima wa Sapiwi atarudishwa nyumbani alete barua.

Gharama ya pili ni ya ukoo. Lebo ya jina la familia hutengenezwa ili jina lidumu. Ikisambazwa ikiwa imekosewa, hueneza kosa kwa kasi kuliko daftari lolote la karani, na watoto wa ukoo huanza kujiandika kwa kufuata chupa. Majina yaliyogeuzwa kuwa Mwa- yaligeuzwa na mamlaka. Haya ya lebo yanageuzwa na wenye majina wenyewe, tena kwa fedha zao.

Gharama ya tatu ni ya lugha. Kadiri ritifaa inavyoonekana zaidi mahali pa 's na kuonekana kidogo mahali pa ng', ndivyo msomaji mchanga anavyojifunza kuwa ni alama ya Kiingereza. Atakapoikuta katika ng'ara au ng'amua ataiona kama uchafu.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii haikusudii kumnyang'anya mfanyabiashara Kiingereza chake. Anayeandika lebo ya Kiingereza aandike Ng'wandu's, kwa ritifaa zote mbili. Anayeandika kwa Kiswahili ana njia tatu zilizo tayari: Asali ya Ng'wandu, Kwa Ng'wandu, au jina tupu, Ng'wandu. Mwenye kutaka chapa itambulike kuwa ya Usukumani anayo pia ng'wana, ambayo tayari ina maana ya familia inayotafutwa kwa 's. Katika njia zote hizi ritifaa hubaki inapostahili.

Kwa upande wa taasisi, mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lenye dhamana ya lugha tangu mwaka 1967, litoe mwongozo mfupi wa kuandika ng' katika majina, ukitaja pia ritifaa ipi itumike kwenye kompyuta; kwa ritifaa iliyo sehemu ya herufi, kiwango cha Unicode tayari kimetenga herufi maalumu. Maofisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, wanaokaa na wazalishaji kabla lebo haijachapwa, waongeze swali moja katika ushauri wao: je, jina hili limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Walimu wa Kiswahili nao waifundishe ng' kama herufi, kwa jozi za maneno, katika darasa la kwanza na tena katika sekondari.

Hatua zinazofuata ni za utafiti wa uwandani: kuhesabu maumbo haya manne katika magulio ya Bariadi, Itilima na Maswa, na kulinganisha na maeneo ambayo majina yake hayana ng'. Ulinganisho huo utaonesha kama ritifaa ya umilikaji hushamiri zaidi pale ambapo ritifaa ya sauti imekwisha kudhoofika. Ikiwa ndivyo, mahali pa kuanzia marekebisho patakuwa herufi ya kwanza ya jina, kabla ya kiambishi chake cha mwisho.